Nyumba Iliyosimama Kwenye Linta: Kisa cha Mtwapa, 2021 hadi 2025

Kazi yangu ni kukadiria gharama za majengo, na kwa miaka mingi nimezoea kuitwa kabla msingi haujachimbwa. Nyumba ninayoieleza hapa niliitwa wakati kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na mafundi wameshaondoka. Wenyewe ni mume na mke wa makamo. Mume ni karani katika kampuni ya kuondoa mizigo bandarini Mombasa, na mke anauza nguo za mitumba katika soko la Kongowea. Walikuwa na kiwanja Mtwapa, ng'ambo ya daraja katika Kaunti ya Kilifi, wakaanza kujenga nyumba ya vyumba vitatu mnamo Machi 2021. Septemba 2023 kazi ilisimama. Walinikabidhi daftari la gharama ambalo mke aliliandika kwa mkono tangu siku ya kwanza, risiti zikiwa zimebanwa kwa pini katika kila ukurasa, na swali lao lilikuwa moja: pesa zilipotelea wapi?

Nimeomba ruhusa yao kukiandika kisa hiki bila majina, kwa sababu swali lao ni la maelfu ya watu. Mwaka 2024 sekta ya ujenzi nchini Kenya haikukua hata kidogo. Kwa hesabu za Shirika la Takwimu la Kenya ilipungua kwa asilimia 0.7, ilhali mwaka 2023 ilikuwa imekua kwa asilimia 3, mwaka 2022 kwa asilimia 4.1, na mwaka 2020, wakati barabara kubwa zilipokuwa zikijengwa kwa kasi, kwa zaidi ya asilimia 10. Matumizi ya saruji nchini yalishuka kutoka takriban tani milioni 9.2 mwaka 2023 hadi karibu tani milioni 8.5 mwaka uliofuata. Tarakimu hizo husomwa kana kwamba zinahusu makampuni makubwa na minara ya Nairobi peke yake. Lakini saruji nyingi katika nchi yetu hununuliwa mifuko kumi leo na mifuko mitano mwezi ujao, na watu wanaojenga kutoka mfukoni, kwa hiyo kushuka huko kumejaa nyumba kama hii ya Mtwapa.

Makadirio ya kwanza, yaliyofanywa na fundi mkuu Machi 2021, yalikuwa shilingi milioni 2.6 kwa nyumba nzima hadi kuhamia. Kati ya hizo, milioni 1.35 zilikuwa za msingi na kuta hadi kwenye linta, na milioni 1.25 za kenchi (mbao za kubeba paa), bati, lipu, sakafu, madirisha, milango, umeme na maji. Kazi iliposimama walikuwa wameshatumia milioni 1.75. Yaani walifika nusu ya safari wakiwa wamezidisha shilingi laki nne, na nilipokadiria upya sehemu iliyobaki kwa bei za wakati ule nilipata milioni 1.65 badala ya milioni 1.25. Nyumba ya milioni 2.6 ilikuwa imegeuka nyumba ya milioni 3.4.

Maelezo ya haraka ni kwamba vifaa vilipanda bei, na daftari linathibitisha hivyo. Mfuko wa saruji wa kilo 50, walionunua kwa shilingi 640 walipomwaga zege la msingi, ulikuwa 790 walipokuwa wakifunga linta. Nondo ya milimita 12 ilitoka shilingi 1,050 hadi 1,400. Tofali la matumbawe, lile linalokatwa machimboni na ambalo kila mtu wa Pwani analijua kwa weupe wake na vumbi lake, lilitoka shilingi 38 hadi 48, na lori la kokoto lilipanda kwa kiasi kikubwa zaidi kwa sababu bei yake kimsingi ni bei ya dizeli.

Kila moja ya bei hizo ina historia yake. Nondo zetu hutengenezwa kwa vipande vya chuma vinavyoagizwa kutoka nje pamoja na vyuma chakavu vinavyokusanywa nchini. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, nchi mbili zinazouza chuma kingi duniani ziliingia vitani kwa mkupuo mmoja. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Januari 2022, serikali ilikuwa imepiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya wizi wa vyuma vya minara ya umeme, marufuku iliyoondolewa Mei mwaka huohuo. Kwa hiyo viwanda vilibanwa nje na ndani. Nondo zote za kuta katika daftari hili zilinunuliwa baada ya hapo.

Saruji nayo huchomwa kwa makaa ya mawe ya kuagizwa, na viwanda visivyokuwa na tanuru hununua klinka, ile malighafi iliyokwisha kuchomwa ambayo husagwa kuwa saruji. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka tozo ya asilimia 17.5 kwa klinka na kwa vipande vya chuma vinavyoagizwa, kwa hoja ya kuvilinda viwanda vya nyumbani na kukuza uuzaji nje. Hoja yenyewe si ya kupuuzwa, kwani nchi yenye mawe ya chokaa kama yetu haipaswi kuagiza klinka milele. Lakini tozo hiyo ililetwa wakati shilingi ilikuwa ikiporomoka, na sheria hiyohiyo ikapandisha kodi ya ongezeko la thamani katika mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba 2023 lita ya dizeli jijini Nairobi ilipita shilingi 200. Mtu anayebeba mchanga na kokoto hawezi kulipa gharama hiyo bila kuipitisha kwa mwenye nyumba.

Hata hivyo, nilipoketi na daftari na kuhesabu mstari kwa mstari, nilipata jambo ambalo wenye nyumba hawakulitarajia. Katika laki nne zilizozidi, bei za vifaa na ujira ndizo zilizoleta takriban shilingi 230,000. Saruji, ambayo ndiyo inayolalamikiwa kila mahali, haikufika hata robo ya kiasi hicho, kwa sababu hadi kwenye linta walitumia mifuko 320 tu, na mingi ilinunuliwa kabla bei haijapanda. Shilingi 170,000 zilizobaki hazikutokana na soko. Veranda iliyoongezwa katikati ya kazi ilikula 90,000. Ujira wa mlinzi na kukodi mbao za fomu, zile za kumwagia zege, mara tatu badala ya mara moja kulichukua 63,000. Mifuko 22 ya saruji, iliyonunuliwa kwa hofu kwamba bei ingepanda tena, iligeuka mawe ndani ya banda.

Mifuko hiyo niliiona mwenyewe. Ilikuwa imepangwa juu ya ardhi tupu, bila mbao chini yake, imeegemezwa kwenye ukuta ambao maji ya mvua za El Niño za mwisho wa 2023 yalikuwa yakiupitia. Nilipoupiga teke mfuko mmoja, mguu uliniuma. Karatasi ilikuwa imeshikana na saruji kiasi kwamba maandishi ya kiwanda yalibaki yamechapwa juu ya jiwe, yakisomeka vizuri. Mama mwenye nyumba alisimama kando akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hiyo ni karo ya muhula mzima." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi.

Bado swali kubwa halijajibiwa. Ongezeko la 230,000 juu ya milioni 1.35 ni takriban asilimia 17, na familia hii ingeweza kulibeba kwa kuchelewa miezi kadhaa. Ongezeko kama hilo huipunguzia nyumba kasi, lakini haliisimamishi. Ili kujua kilichoisimamisha ilibidi niufunge ukurasa wa matumizi na kufungua ule wa mapato, ambao mke aliuandika mwishoni mwa daftari kwa wino wa rangi nyingine.

Milioni 1.75 zilitoka mahali patatu. Laki tano na nusu zilikuwa akiba ya chama cha kuchangiana na ya Sacco, ushirika wa akiba na mikopo. Milioni 1.05 zilitokana na kuweka wastani wa shilingi 35,000 kila mwezi kwa miezi thelathini, mume na mke pamoja. Zilizobaki, laki moja na nusu, zilikuwa deni la duka la vifaa vya ujenzi lililo kando ya barabara kuu. Hakuna benki katika orodha hiyo, na hilo si ajabu. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50, mikopo ya nyumba katika benki zote za Kenya inahesabiwa katika makumi machache ya maelfu. Benki Kuu ilipopandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 7 mwanzoni mwa 2022 hadi asilimia 13 Februari 2024, na riba za mabenki zikafika wastani wa asilimia 17 mwaka huo, wajenzi wakubwa walisimamisha miradi yao. Familia hii haikuguswa moja kwa moja, maana haikuwa imekopa benki. Iliguswa kwa njia ndefu zaidi.

Njia ya kwanza ilikuwa mshahara. Mume hupokea shilingi 60,000 kabla ya makato. Februari 2023 makato yake ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, yalitoka shilingi 200 hadi 1,080, na mwaka uliofuata yakawa 2,160. Julai 2023 ilianza tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, yaani shilingi 900 kwa mwezi. Oktoba 2024 bima mpya ya afya, SHIF, ilichukua asilimia 2.75 ya mshahara mahali pa kiwango cha NHIF, bima ya afya ya zamani. Kufikia mwisho wa 2024 makato mapya yalikuwa shilingi 3,210 zaidi kwa mwezi, na hata baada ya kuondoa nafuu ya kodi inayoambatana nayo, ni mifuko mitatu ya saruji kila mwezi. Sisemi kwamba akiba ya uzeeni au bima ya afya ni hasara. Linalonisumbua ni hii tozo ya nyumba, ambayo makusudi yake ni kuwapatia Wakenya makazi, ilhali katika daftari hili inaonekana ikimtoza mtu aliyekuwa tayari anajijengea makazi yake, mwezi ule ule aliokuwa anashindwa kununua nondo.

Njia ya pili ilikuwa soko la Kongowea. Mitumba hununuliwa kwa marobota, na robota huagizwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 113, na Januari 2024 ilifika takriban 160. Robota lilipanda bei, wateja nao walikuwa wamepunguza kununua, na faida ya mke ikabanwa pande zote mbili. Kufikia katikati ya 2023, shilingi 35,000 za kila mwezi zilikuwa zimeshuka hadi 12,000. Ujira wa mwashi mmoja na vibarua wawili kwa siku tano tu huzidi kiasi hicho.

Njia ya tatu ndiyo iliyoisimamisha nyumba, na ndiyo inayosahaulika zaidi katika mijadala ya gharama za ujenzi. Ni lile duka. Mwenye duka alikuwa amewapa vifaa kwa deni kwa zaidi ya mwaka mmoja, wakilipa sehemu kila mwisho wa mwezi, bila riba na bila karatasi zaidi ya kitabu chake cha madeni. Maduka mengi ya vifaa hufanya hivyo, na ukweli ni kwamba ndiyo benki ya nyumba ya mtu wa kawaida. Septemba 2023 alikataa kuongeza hata mfuko mmoja. Mume alipomwendea, alimfungulia kitabu akamwonyesha jina la mkandarasi mmoja aliyekuwa amechukua saruji na nondo za mamilioni kwa ajili ya kazi ya umma, na ambaye hakuwa amelipa kwa sababu naye hakuwa amelipwa.

Mkandarasi huyo hakuwa peke yake. Madeni ya serikali kwa wakandarasi wa barabara peke yao yalifika takriban shilingi bilioni 175, na ili kuanza kuyalipa serikali iliamua kuweka rehani shilingi 7 kati ya shilingi 25 za tozo ya matengenezo ya barabara inayokatwa katika kila lita ya mafuta. Mkandarasi asiyelipwa husimamisha mitambo, huwaachisha vibarua, na hukosa kuwalipa wenye maduka. Mwenye duka naye huukata mkopo wa wateja wadogo, kwa kuwa hao ndio anaoweza kuwakatalia bila kupoteza zaidi. Hivyo deni la barabara isiyokuwa hata katika kaunti ile lilisafiri kupitia kitabu cha madeni cha dukani hadi likaisimamisha nyumba ya vyumba vitatu Mtwapa. Mtu anayezichambua gharama za ujenzi kwa kutazama orodha ya bei tu hawezi kuliona jambo hili.

Ndiyo sababu pia nafuu ilichelewa kufika. Katikati ya 2024 shilingi ilirudi na kutulia karibu 130 kwa dola, na Benki Kuu ikaanza kushusha riba Agosti mwaka huo. Wenye nyumba walitarajia bei zirudi nyuma. Risiti ya Juni 2024 katika daftari inaonyesha mfuko wa saruji kwa shilingi 800. Tozo ilikuwa palepale, umeme na usafiri havikuwa vimeshuka, na mwenye duka aliyenunua shehena yake kwa bei ya juu hakuwa tayari kuiuza kwa hasara. Dola ilipanda na bei ikapanda nayo mwezi uleule; dola iliposhuka, bei ilibaki juu.

Kusimama nako kuna gharama yake, na kwetu Pwani gharama hiyo ni kubwa kuliko bara. Hewa ya bahari ina chumvi. Nondo za nguzo zilizoachwa zikichungulia juu ya kuta kwa ajili ya ringi, mkanda wa zege wa kufunga kuta kabla ya paa, zilikuwa zimevaa kutu nyekundu inayobanduka kwa ukucha, na mbili zilikuwa zimepungua unene kiasi kwamba niliamuru zikatwe na kuungwa upya. Matofali ya matumbawe yasiyopigwa lipu hunyonya maji kama sponji. Ukuta wa upande wa kusi ulikuwa umeota ukungu wa kijani hadi usawa wa kiuno. Mbao mbili za fomu ziliibwa. Kwa hesabu yangu, miezi kumi na minane ya kusimama iliwagharimu karibu shilingi 85,000 za marekebisho, mbali na kodi ya nyumba waliyopanga Kisauni, shilingi 12,000 kila mwezi. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimeza kiasi kilekile walichobakiwa nacho kwa ajili ya ujenzi.

Mafundi walitawanyika. Fundi mkuu, mtu mwenye miaka zaidi ya ishirini ya uashi, alinunua tuktuk kwa mkopo na sasa hubeba abiria kati ya Mtwapa na Shanzu. Msaidizi wake alikwenda Saudi Arabia. Hasara hii haimo katika hesabu za sekta, lakini niliiona waziwazi tulipotaka kuanza tena: mwashi tuliyempata alikuwa kijana ambaye hakujua kufunga matofali ya matumbawe kwenye kona, na ilibidi fundi wa zamani aombwe kuja siku mbili kumwonyesha, huku akipoteza abiria wake.

Ushauri niliowapa mwanzoni mwa 2025 ulikuwa mgumu kuukubali. Niliwaambia waiache nyumba ya vyumba vitatu kwa muda, wafunge ringi na kuezeka vyumba viwili, jiko na choo, wahamie, kisha kodi ya Kisauni iwe ndiyo mtaji wa chumba cha tatu. Mume alipinga. "Ndugu yangu, nyumba iliyoezekwa nusu watu watasema nini?" Mke ndiye aliyekata shauri. Walichukua mkopo wa Sacco kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi ya salio linalopungua, karibu asilimia 12 kwa mwaka, ambayo ilikuwa chini sana kuliko riba ya benki wakati huo. Veranda iliachwa. Madirisha yaliagizwa kwa fundi wa kuchomelea wa pale Mtwapa badala ya yale ya alumini, vigae vikaahirishwa na sakafu ikasilibwa kwa saruji, na saruji yenyewe ilinunuliwa kwa kiasi cha kutumika wiki moja, si zaidi.

Nasikitika kwamba hatukufanya hivi mwaka 2023. Kama mtu angeutazama ukurasa wa mapato mapema, wakati michango ya kila mwezi ilipoanza kupungua, vyumba viwili vingeweza kuezekwa kwa pesa zilizokwenda kwenye veranda, kwenye mifuko iliyoganda na kwenye kodi. Makadirio tunayowapa watu, mimi nikiwemo, hueleza nyumba itagharimu kiasi gani. Mara chache hueleza inahitaji shilingi ngapi kila mwezi ili isisimame, na ni hatua gani mtu anaweza kuishia akawa na mahali pa kulala. Kwa mjenzi asiyekopa benki, hayo mawili ya mwisho yana uzito kuliko jumla.

Sekta yenyewe ilirudi kukua mwaka 2025, riba zikiwa zinashuka, nyumba za serikali zikijengwa katika kaunti nyingi na wakandarasi wa barabara wakianza kulipwa sehemu ya madeni yao. Mwishoni mwa 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania ilikuwa imeinunua Bamburi, kiwanda cha saruji ambacho moshi wake watu wa Mombasa kaskazini wameuona tangu miaka ya 1950, na mnunuzi hatoi fedha za namna hiyo bila kuamini kwamba watu wataendelea kujenga. Mwenye duka wa Mtwapa amefungua tena kitabu cha madeni, lakini sasa anataka nusu ya malipo kabla lori halijaondoka.

Familia ilihamia Juni 2025. Nilipopita mwezi uliofuata, vyumba viwili vilikuwa na bati na mapazia, na chumba cha tatu kilikuwa wazi kwa juu, kimefanywa mahali pa kuanikia nguo. Nondo zake tulizipaka uji wa saruji na kuzifunga kwa mifuko ya nailoni ili chumvi isizile. Mke alikuwa ameshaanza daftari jipya. Ukurasa wa kwanza hauna bei hata moja. Umeandikwa miezi kumi na miwili, na mbele ya kila mwezi kiasi cha shilingi 12,000.